Teknolojia si kisu tu: wanafalsafa wa siasa, madini yetu na telefone zetu



Kila mara tunapojadili hatari za teknolojia, kuna mwenzetu anatoa jibu moja lenye kufunga mjadala. Anasema: "Teknolojia ni kama kisu. Unaweza kukata nyama, unaweza kumuua mtu. Kisu hakina kosa, kosa ni la mwenye kukishika." Wote wanatikisa kichwa, basi, tunahamia habari nyingine.

Leo tuangalie kwa nini wanafalsafa wengi wa siasa wa karne ya 20 hawakutosheka na jibu hilo. Hawakusema kwamba teknolojia ni ya shetani, wala kwamba turudi kuishi bila dawa na bila taa. Walisema kwamba kisu ni kitu kidogo: kinaingia mkononi, na mwenye kukishika anaona anakata nini. Mashine kubwa za leo haziko hivyo. Zinakuja pamoja na waya, mikataba, wataalamu, madeni na wakubwa. Zinapanga upya nani anaamua na nani anafuata. Kwa hiyo, juu ya kuuliza nani anaitumia mashine vibaya, waliuliza pia mashine yenyewe inaleta utawala wa namna gani.

Swali hilo linatuhusu sisi wa Tanganyika kuliko tunavyodhani. Katanga yote ya zamani iko kwenye mwanzo wa mashine nyingi za dunia, maana madini yanatoka hapa. Tena tuko kwenye mwisho wake, maana telefone na betri zinaturudia kama bidhaa za kununua. Katikati, pale mambo yanapoamuliwa, hatupo. Hili njo jambo ninalotaka tulielewe vizuri, na wanafalsafa hao wanaweza kutusaidia, mradi tuwasome kwa mifano ya kwetu.

1. MWALIMU MMOJA NA WANAFUNZI WANNE

Tuanze na Martin Heidegger, Mjerumani. Mwaka 1953 alitoa mhadhara juu ya teknolojia ambao unasomwa mpaka leo katika idara za falsafa. Wazo lake kubwa ni hili: kiini cha teknolojia ya kisasa hakiko ndani ya mashine, kiko katika namna ya kuiangalia dunia. Macho ya kisasa yanaona kila kitu kama akiba iliyo ghalani, inayongoja kuchukuliwa. Mto unakuwa umeme unaongoja. Mlima unakuwa tani za madini. Msitu unakuwa mbao. Mwishowe mtu mwenyewe anaingia ghalani, na ndiyo maana leo kila ofisi ina idara ya "rasilimali watu", na hakuna anayeshtuka kusikia neno hilo.

Chukueni Manono. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya Géomines ilichimba bati pale, na mji ukakua juu ya bati hiyo. Bei ya bati ilipoanguka na vita vilipoingia, mji ulibaki na mashimo na majengo ya kampuni. Sasa jina la Manono limerudi midomoni mwa dunia juu ya litiumu, madini ya kutengenezea betri. Eneo la Roche Dure peke yake linakadiriwa kuwa na mamia ya mamilioni ya tani za mawe yenye litiumu, na makampuni ya Australia, China na Marekani yamekuwa yakiyataka, mpaka kesi zikafika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa.

Ukisoma maandishi ya miradi ya namna hii utakuta tani, asilimia na bei. Mtu wa Manono mwenye shamba, soko na makaburi ya wazee wake anaonekana humo kwa njia mbili tu: kama kizuizi cha kuhamishwa, au kama nguvu ya kazi. Heidegger angetuambia kwamba hapo hatuhitaji kutafuta mtu mwenye roho mbaya. Namna ya kuhesabu inatosha kumfanya mtu asionekane.

Lakini tuwe waangalifu na mwalimu huyu. Mwaka 1933 Heidegger aliingia katika chama cha Hitler. Tena alizungumzia teknolojia kama mtu anavyozungumzia mvua: imekuja, itatunyeshea, hakuna wa kuulizwa. Wanafunzi wake wanne waliona udhaifu huo. Ni Hannah Arendt, Hans Jonas, Herbert Marcuse na Günther Anders. Wote wanne walikuwa Wayahudi, na wote walilazimika kuondoka Ujerumani tangu mwaka 1933. Watu waliokimbizwa na dola hawawezi kuridhika na maneno ya "imekuja yenyewe". Wao walitaka kujua nani aliamua na nani atajibu.

2. SHINKOLOBWE: MIKONO ILIFANYA, AKILI HAIKUJUA

Katika hao wanne, Anders ndiye asiyejulikana sana, lakini kwa Mkongomani anapashwa kusomwa wa kwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 alieleza kwamba kuna pengo kati ya uwezo wetu wa kutengeneza vitu na uwezo wetu wa kuwazia matokeo yake. Zamani mtu alitengeneza mkuki na aliweza kuona akilini mwake mkuki ule utafanya nini. Leo tunatengeneza vitu ambavyo akili na moyo haviwezi kuvifuata. Mtu anaweza kumlilia mfu mmoja. Wafu laki moja anawahesabu tu.

Anders alikuwa anafikiria bomu la atomiki. Sasa tukumbuke bomu hilo lilianzia wapi.

Mwaka 1915 iligunduliwa urani Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliichimba, kwanza kwa ajili ya kupata radiamu ya kutibia wagonjwa Ulaya. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu machimbo yote yaliyojulikana duniani. Mwaka 1940, wakati vita vya pili vya dunia vimeanza, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Zilikaa kwenye ghala pale. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua, na machimbo yakafunguliwa tena ili kuchimba zaidi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka hapo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa juu ya Hiroshima, na inakadiriwa kwamba mpaka mwisho wa mwaka ule watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa.

Hebu tufuate mnyororo huo. Mchimbaji wa Katanga alichagua mawe kwa mikono, hakuambiwa ni ya nini wala kwamba yanaweza kumdhuru. Mfanyakazi wa reli alipakia mizigo. Karani aliandika hesabu. Mhandisi alishughulikia kipande kimoja cha kazi, kingine hakukijua. Rubani alirusha ndege. Kila mmoja alifanya kazi ya siku yake. Matokeo ya jumla yalikuwa makubwa kuliko yote waliyoweza kuyawaza. Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Wale wachimbaji hawatajwi hata majina.

Hapa mfano wa kisu unaanguka. Nani hapo ndiye "mwenye kukishika"? Anders aliandikiana barua tangu mwaka 1959 na Claude Eatherly, mmoja wa marubani waliohusika, yule aliyetangulia kuangalia hali ya hewa juu ya Hiroshima na ambaye baadaye dhamiri ilimsumbua sana. Anders alimwona kama mfano wa mtu wa wakati wetu: anaingizwa katika kosa kwa kufanya kipande kidogo cha kazi, bila kujua kazi nzima.

Na Shinkolobwe yenyewe? Wabelgiji walifunga machimbo kabla ya uhuru. Baadaye wachimbaji wa mikono walirudi pale kutafuta kobalti na shaba. Januari 2004 raisi wa nchi alitia sahihi agizo la kufunga eneo hilo, lakini kazi haikusimama, na Julai mwaka uleule shimo liliporomoka na kuua watu. Miaka karibu 60 baada ya Hiroshima, mwanzo wa mnyororo ulikuwa bado unaua watu wa kwetu.

3. MASHINE YA KUPIGA KURA

Hannah Arendt aliandika mwaka 1958 kitabu juu ya hali ya binadamu. Alitofautisha mambo matatu: kuhangaika kwa ajili ya chakula cha kila siku, kutengeneza vitu vya kudumu, na kutenda pamoja na wengine mbele ya watu wote. Hilo la tatu, kutenda na kusema hadharani, ndilo siasa. Hofu yake ilikuwa kwamba dunia ya kisasa inameza hilo la tatu. Mambo ya kujadiliwa yanageuzwa kuwa hesabu za kufanyiwa kazi ofisini, na mwisho tunatawaliwa na utaratibu ambao hauna mtu wa kuulizwa. Ukienda dirisha hili unatumwa dirisha lile, na kila mmoja anakuambia eti ni sistemu imekataa.

Mjerumani mwingine, Jürgen Habermas, aliongeza mwaka 1968 kwamba hatari kubwa ni pale swali la siasa linapovalishwa nguo za kitaalamu. Raia akiuliza, anajibiwa: hayo ni mambo ya wataalamu. Na mwaka 1980 Mmarekani Langdon Winner aliandika makala mashuhuri yenye kuuliza kama vitu vyenyewe vina siasa. Jibu lake ni ndiyo: kuna vitu ambavyo ukivikubali tu, umekubali pia mpangilio fulani wa madaraka.

Sisi tuliishi somo hilo mwaka 2018. Kwa uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, tume ya uchaguzi, CENI, ilileta mashine za kupiga kura kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Zilikuwa zaidi ya 100,000. CENI ilieleza kwamba mashine ni kama printa tu: mpiga kura anachagua kwenye kioo, karatasi inatoka, inawekwa sandukuni, kisha karatasi zinahesabiwa kwa mkono. Ilisema pia kwamba bila mashine gharama na karatasi zingekuwa nyingi mno, maana wagombea walikuwa maelfu. Upinzani ulikataa. Kwa Kifaransa walibadilisha herufi moja tu, na "mashine ya kupiga kura" ikawa "mashine ya kuiba".

Sitaki turudi kwenye ugomvi wa nani alishinda. Angalieni jambo moja tu. Karatasi ya kawaida, hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuielewa: anaona sanduku, anaona karatasi zinamwagwa mezani, anasikia zikihesabiwa kwa sauti. Lakini ndani ya mashine, na katika njia ya kupeleka matokeo, ni watu wachache tu wanaoweza kuangalia. Hata kama mashine ni safi kabisa, uwezo wa kuhakikisha umetoka kwenye macho ya wengi ukaenda kwenye maneno ya wachache. Hiyo tayari ni siasa, kabla mtu yeyote hajaiba kitu.

Na mashine ina njia zake mpya za kuharibikia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, CENI yenyewe ilifuta, tarehe 5 Januari 2024, kura za wagombea 82, na katika sababu ilizotoa kulikuwa na kukamata vifaa vya kupigia kura kinyume cha sheria. Sanduku la mbao mtu angeliiba angeonekana nalo barabarani.

4. NANI ANASHIKA SWICHI?

Kesho yake baada ya uchaguzi ule wa 2018, tarehe 31 Desemba, intaneti ilikatwa nchi nzima. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Haikuwa mara ya kwanza: ilikatwa pia Januari 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Upande wa serikali ulieleza kwamba ilikuwa ni kuzuia matokeo ya uongo yasienee na kuwasha moto.

Tusiichekelee sababu hiyo. Katika jimbo letu, ambako Batwa na Baluba walipigana na watu wakakimbilia kambi za Kalemie, audio moja ya uongo kwenye WhatsApp inaweza kumwaga damu. Uongo wenye kusafiri haraka ni hatari ya kweli, na Arendt aliandika sana juu ya watu waliofikia hali ya kutotofautisha tena kweli na uongo. Lakini kuzima kila kitu kulizuia pia mambo mengine: familia kuulizana habari, waandishi kutuma taarifa, waangalizi kulinganisha matokeo ya vituo.

Mfaransa Jacques Ellul, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikuwa ameeleza jambo linalotusaidia hapa. Alisema teknolojia haiji kipande kwa kipande. Kila njia yenye kuleta haraka inaita nyingine, mpaka unakuta maisha yote yamefungwa kwenye mnyororo mmoja, na kutoka haiwezekani. Fikirieni: kwanza telefone ilikuwa ya kuongea tu. Halafu makuta yakaingia humo, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Halafu matangazo ya kazi, kujiandikisha masomo, mikutano ya familia, hata habari za msiba. Kila hatua ilikuwa nzuri peke yake. Lakini zikijumlishwa, maisha yetu yote yamepita kwenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango uko na mtu mwingine. Kabla ya kuweka maisha yote huko, nani alikaa na sisi kujadili swichi itakuwa kwa nani na itazimwa kwa masharti gani?

Tangu Machi 2023 nchi yetu ina Kodi ya Numeriki, sheria kubwa yenye kupanga mambo ya mitandao na data. Mliosoma sheria, isomeni kwa ajili yetu. Wengi tunatumia mega kila siku bila kujua haki zetu ni zipi.

5. ZIWA NA WALE WASIOZALIWA BADO

Hans Jonas aliandika mwaka 1979 kitabu juu ya kanuni ya wajibu. Maadili ya zamani, alisema, yalihusu jirani: usimwibie, usimwue, unayemwona. Teknolojia imetupa mikono mirefu kupita maadili hayo. Tunaweza leo kumdhuru mtu atakayezaliwa baada ya miaka 200. Mtu huyo hapigi kura, haandamani, hana wakili. Kwa hiyo Jonas anatoa shauri moja la vitendo: matokeo yakiwa makubwa na hayarudishiki, sikiliza zaidi sauti ya hatari kuliko sauti ya faida. Faida iliyokosekana unaweza kuitafuta kesho. Kilichoharibika milele hakitafutiki.

Sisi tunakaa juu ya mfano bora. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, linagawanywa na nchi nne, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, hapa Kalemie. Maji yanakaa ndani ya ziwa kwa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Maana yake, sumu ikiingia leo, wajukuu wa wajukuu wetu watakula ndakala na mikebuka kutoka maji hayohayo.

Julai 2022 serikali ilitangaza zabuni ya maeneo 27 ya kutafuta petroli, na baadhi yalikuwa upande wa ziwa letu. Oktoba 2024 zabuni hiyo ilifutwa. Haikufutwa kwa sababu watu wa ziwa walikaa wakajadili wakasema hapana. Siku nyingine itarudi, na pengine italeta kazi na umeme kweli. Swali la Jonas litakuwa lilelile: mkitupa ahadi za miaka 20, nani anajibu juu ya miaka 200?

6. WATU WALIO NDANI YA AKILI BANDIA

Wanafunzi wengi siku hizi wanaiomba akili bandia iwaandikie TFC. Tunasikia sana kwamba ni udanganyifu, na ni kweli. Arendt angeongeza kwamba kufikiri ni kujadiliana na nafsi yako, na mtu aliyeacha zoea hilo ni rahisi kumpeleka popote. Aliyaona hayo katika kesi ya Eichmann, ofisa wa Hitler, ambaye alizungumza kwa maneno ya kukariri tu.

Lakini kuna upande mwingine ambao hatuusemi. Mashine inayoonekana kujibu yenyewe imejaa watu ndani. Januari 2023 gazeti la TIME lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Nairobi, katika kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ubakaji, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyakataa. Ni wasemaji wa Kiswahili wenzetu. Wengine waliochuja picha na video za Facebook walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Ni mnyororo wa Shinkolobwe umerudi, na tofauti ni kwamba safari hii watu wa mwanzo wa mnyororo wana majina, wana wakili, na wameuliza nani atajibu.

7. "LAKINI SISI UMEME WENYEWE HATUNA"

Najua wengi mnasema: mambo haya ni ya watu walioshiba. Wazungu wamechoka na mashine, sisi hatujazipata. Umeme wa Bendera hautoshi mji, reli inasuasua, mgonjwa anafariki juu ya kukosa mashine ya oksijeni. Mtu mwenye njaa haogopi kunenepa.

Pingamizi hili ni la kweli na lisipuuzwe. Heidegger hakuwa na la kumwambia mama anayejifungua gizani. Lakini lina majibu mawili.

La kwanza, kukosa kwetu ni sehemu ya mpangilio uleule. Achille Mbembe, Mkameruni, anatufundisha kwamba Afrika haijabaki nje ya dunia ya mashine. Imo ndani yake, mahali pa kuchimbwa. Betri zitakazotengenezwa kwa litiumu ya Manono zitasukuma magari katika miji yenye taa usiku kucha. Giza letu na taa zao viko katika mkataba mmoja.

La pili, mtu mwenye kiu ndiye anayeuziwa maji machafu. Tukisema "leteni chochote", tutaletewa chochote. Hapo Ivan Illich anafaa. Katika kitabu cha mwaka 1973 alitofautisha vyombo vinavyomwongezea mtu uwezo wa kupanga maisha yake na vyombo vinavyomfanya awatumikie wengine. Mfano aliopenda ni baiskeli: unaielewa, unaitengeneza chini ya mwembe, inakupeleka unakotaka. Kwa kipimo hicho, mashine ya kusaga mahindi ya ushirika wa akina mama, au paneli za jua ambazo fundi wa mtaa anazijua, ni teknolojia ya hali ya juu. Mtambo mkubwa unaozimika siku mtaalamu mmoja amerudi kwao, huo ni mzigo. Kwa Illich, swali haliko kubwa au ndogo, ya kisasa au ya kizamani. Swali ni kama sisi tunaishika, au yenyewe inatushika.

8. MASWALI MATANO YA KUBEBA

Tufupishe kwa njia ambayo mtu anaweza kuitumia. Siku kampuni, ofisi ya serikali au shirika litaleta kwenu mradi, mashine au programu mpya, ulizeni haya:

Moja: nani aliamua, na sisi tuliulizwa siku gani?

Mbili: nani anaweza kuizima au kutufungia, na kwa sheria gani?

Tatu: nani anaweza kuikagua? Raia wa kawaida anaweza kuhakikisha kwa macho yake, au ni kuamini tu?

Nne: nani anabeba hasara, na kwa miaka mingapi?

Tano: ikiharibika, tunaweza kuitengeneza wenyewe? Na mtu akiikataa, atabaki na haki zake?

Maswali haya hayahitaji digrii, lakini sisi wenye digrii tuna deni la pekee. Tunajua kusoma mikataba ya Kifaransa na ripoti za kitaalamu ambazo wazazi wetu hawawezi kuzifungua. Tukikaa kimya, neno "hayo ni mambo ya wataalamu" litaendelea kufanya kazi, na sisi ndio tutakuwa wataalamu wenyewe.

Sasa zamu yenu. Katika mtaa wako au kazi yako, ni lipi kati ya maswali matano linalokosa jibu kabisa? Tajeni mfano, tujadili kwa heshima. Wenzetu wa Manono, Kabalo, Nyunzu, Moba na Kongolo, tunawangoja ninyi hasa.